Shampuu ya ketokonazoli 2% kwa aliyepandikiza nywele: muwasho inaoutuliza na ule inaouacha palepale

Chupa yenyewe ni ndogo, mililita 60 au 100, na ndani mna majimaji mazito ambayo mara nyingi yana rangi nyekundu au ya waridi. Ndiyo ambayo muuza duka la dawa huinyanyua kwanza mteja akisema kichwa kinamuwasha. Aliyepandikiza nywele naye huuziwa hiyohiyo, miezi sita au mwaka baada ya upasuaji, akiwa bado anakuna.

Tuseme mapema tunavyoiona. Kwa muwasho unaoletwa na mba, shampuu hii ndiyo ya kununua, na ukiitumia inavyotakiwa chupa moja inatosha kukuonyesha kama inafaa. Kwa muwasho mwingine unaofuata upandikizaji ni sabuni yenye bei ya dawa. Tatizo ni kwamba kichwa kilichopandikizwa kina sababu nyingi za kuwasha kuliko kichwa cha kawaida, na kwenye chupa hakuna mahali palipoandikwa hivyo.

Isianze mapema

Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda kupandikiza Istanbul hurudi baada ya siku chache na mfuko wake: shampuu laini, losheni au povu la dekspanthenoli la kulainisha vigaga, antibiotiki, vidonge vya maumivu, wakati mwingine na steroidi za siku chache za kuzuia uso usivimbe. Vigaga hudondoka kati ya siku ya 7 na ya 14. Muwasho wa siku hizo ni wa kidonda kinachopona. Vipandikizi 3,000 maana yake ni matundu 3,000 mbele yalikopandwa na mengine 3,000 kisogoni yalikotolewa, kila moja likiwa na upana wa kama milimita moja au chini ya hapo. Hapo ketokonazoli haina kazi yoyote, na sabuni iliyochanganywa nayo itazidi kuikausha ngozi ambayo tayari imekauka.

Subiri wiki nne zipite na vigaga viishe kabisa, isipokuwa daktari aliyekupandikiza amekuambia vinginevyo. Muwasho tunaouzungumzia hapa ni ule unaobaki au unaoanza upya kuanzia mwezi wa tatu, wakati dawa za mfukoni zimekwisha na kliniki inajibu kwa WhatsApp tu.

Mba: hapa chupa inastahili sifa zake

Fangasi wa Malassezia wanaishi kwenye ngozi ya kichwa ya karibu kila mtu mzima. Chakula chao ni mafuta ya ngozi. Wanayavunja, wanakula sehemu yake, na mabaki, hasa asidi ya oleiki, huwasha ngozi ya mtu anayedhurika nayo. Ngozi hujibu kwa kumwaga magamba haraka kuliko kawaida. Ketokonazoli huwazuia fangasi hao kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayojenga utando wa seli zao, na idadi yao inashuka.

Upandikizaji hauleti Malassezia, ila tabia zinazoufuata huwanenepesha. Mtu ametumia fedha nyingi, anaogopa nywele zake mpya, basi anaosha kichwa kwa kukipapasa tu, miezi na miezi. Jasho, mafuta na magamba vinabaki chini. Juu yake anapaka mafuta ya nazi au ya mzeituni "kulainisha", na kwa fangasi hawa hiyo ni karamu.

Utaujuaje? Magamba ni ya manjano kidogo na yana mafuta, hayafanani na vumbi kavu. Muwasho unazidi siku za jasho na siku ulizoruka kuosha. Dalili inayosaidia zaidi ni mahali: angalia nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na kwenye ndevu, sehemu ambazo sindano ya daktari haikufika. Kukiwa na magamba huko pia, upasuaji hauna kosa, nawe una nafasi nzuri ya kusaidiwa na chupa hii. Ngozi nyeusi isikudanganye: vitabu vingi husema mahali pa mba panakuwa pekundu, lakini kwetu mara nyingi panaonekana pameparara au pamekuwa na rangi nyepesi kuliko ngozi ya jirani.

Dakika tano zihesabiwe

Watu wengi wanaosema "nimeitumia, haisaidii" wameitumia kama sabuni ya kuogea: paka, povu, mwaga. Kwa namna hiyo dawa inaishia kwenye bomba la maji machafu.

Lowanisha kichwa kwa maji ya uvuguvugu. Ya moto huamsha muwasho. Kama nywele zina mafuta au zile nyuzi za unga wa kufunika upara, osha kwanza kwa shampuu ya kawaida na usuuze, kwa sababu dawa haipenyi tabaka la mafuta. Kisha mimina mililita 5 za ketokonazoli, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa kichwa kilichonyolewa au chenye nywele fupi. Nywele zikiwa nyingi, mililita 10. Ipeleke kwenye ngozi kwa ncha laini za vidole, siyo kucha, ukigawa nywele mistari mistari. Pitisha na nyuma ya masikio. Weka saa ya simu: dakika 3 ni chini kabisa, 5 ndiyo nzuri. Suuza mpaka utelezi uishe. Kama maji ya bombani ni ya kisima chenye chumvi, kama yalivyo mitaa mingi ya Dar es Salaam, malizia na jagi moja la maji yasiyo na chumvi.

Ratiba ni mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, halafu mara moja kila wiki moja au mbili kuzuia isirudi. Kwa nywele za kipilipili, ambazo hukauka na kukatika upesi, mara moja kwa wiki tangu mwanzo inakubalika. Utasubiri kidogo zaidi. Losheni ya kulainisha ipake kwenye nywele, isiguse ngozi. Kichwa kikikauka sana baada ya kuosha, paka mafuta ya aina ya Vaseline kidogo tu, maana hayo fangasi hawayali.

Hesabu ya chupa ni hii. Mara mbili kwa wiki kwa wiki nne ni maosho 8. Kwa mililita 5 unatumia 40, na chupa ya 60 inabakiza maosho manne ya matunzo. Mwenye nywele nyingi anahitaji 80, basi anunue ya 100. Mabadiliko yanapaswa kuonekana ndani ya wiki mbili. Wiki nne zikiisha na muwasho haujapungua hata kidogo, usinunue chupa ya pili. Umeshapata jibu: si mba, au si mba peke yake.

Kuhusu hofu ya kung'oa vipandikizi, baada ya siku 10 hadi 14 kipandikizi kimeshashika, povu na vidole havikitoi. Nywele zinazodondoka wiki ya pili hadi ya sita ni mtikisiko wa kawaida baada ya upasuaji. Mzizi umebaki, na nywele mpya huanza kujitokeza kuanzia mwezi wa tatu au wa nne. Kucha lakini ni jambo jingine. Hazing'oi mzizi, ila zinachana ngozi, bakteria wanaingia, na mtu anaanza kutibu vidonda alivyojitengenezea mwenyewe.

Kasoro za shampuu yenyewe zipo. Inakausha. Nywele zilizotiwa rangi au zenye mvi zinaweza kubadilika kidogo. Baadhi ya chapa, Nizoral ya asilimia 2 ikiwemo, huhifadhiwa kwa imidurea, kiambato kinachotoa formaldehidi kidogo kidogo, na wapo watu wenye mzio nayo. Muwasho ukizidi kila baada ya kuosha badala ya kupungua, ishuku chupa. Na ile sifa ya kwamba inaotesha nywele inatangazwa kwa sauti kubwa kuliko ushahidi wake, ambao ni wa tafiti ndogo. Usiinunue kwa ajili hiyo.

Kitu kimoja cha kukataa dukani: vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya mba. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilibana matumizi ya vidonge hivyo kwa sababu ya madhara kwenye ini. Shampuu haina shida hiyo kwa kuwa inayopenya ngozi ni kidogo mno.

Minoksidili ndiyo mshukiwa wa kwanza

Kabla hujafungua chupa ya ketokonazoli, jiulize unapaka nini kila siku. Aliyepandikiza mara nyingi huambiwa aendelee na minoksidili ya asilimia 5, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ili kulinda nywele za asili zilizobaki. Ile ya maji, mililita 1 asubuhi na 1 jioni, huyeyushwa kwenye pombe na propilini glaikoli, na kwenye chapa zinazojulikana propilini glaikoli hufika hadi nusu ya chupa. Kiambato hicho ndicho mara nyingi kinachowasha. Muwasho wake una tabia yake: unakuja muda mfupi baada ya kupaka, unafuata mstari ilipotiririkia dawa, unashuka hadi kwenye paji la uso, na ngozi inakuwa kavu yenye magamba meupe membamba. Mtu huyaita mba, ananunua ketokonazoli, anaikausha ngozi zaidi, huku bado anapaka minoksidili mara mbili kwa siku. Anaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima.

Jaribio ni rahisi na halina gharama. Mweleze daktari wako, simamisha minoksidili wiki mbili hadi tatu, usibadilishe kitu kingine. Muwasho ukiisha, rudi na minoksidili ya povu, ambayo haina propilini glaikoli. Ukirudi hata kwa povu, basi huenda mzio ni wa minoksidili yenyewe, nalo ni la daktari wa ngozi na kipimo cha viraka vya mzio mgongoni.

Mshukiwa wa pili kwa huku kwetu ni rangi nyeusi. Mwanamume amepata nywele za mbele, anaona za pembeni zina mvi, anakwenda kwa kinyozi kupaka rangi. Nyingi za rangi hizo, na piko ya kuchorea mikono pia, zina parafenilinidiamini, kemikali maarufu kwa mzio. Kichwa kinawasha na kuvimba siku moja hadi tatu baadaye, na mara nyingine macho yanavimba. Ketokonazoli haitatui hili. Rangi iachwe. Anayetaka rangi nyingine aijaribu nyuma ya sikio na asubiri saa 48, akijua kwamba aliyewahi kuvimba kwa piko hafai kujaribu tena rangi yenye kemikali hiyo.

Vipele, ganzi, na ule muwasho usiofaa kusubiri

Kati ya mwezi wa pili na wa sita nywele mpya zinatafuta njia ya kutoka. Nyingine zinajikunja chini ya ngozi, hasa za kipilipili, kwa sababu hata mzizi wake umepinda ndani ya ngozi. Matokeo ni vipele, kimoja hapa, viwili pale, vingine na usaha kidogo. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hufanya kazi kuliko shampuu yoyote. Usivikamue. Vikiwa vingi, vyenye maumivu, au vikirudi kila wiki, hapo antibiotiki ya kupaka au ya kumeza inatoka kwa daktari. Sabuni ya benzoili peroksaidi nayo husaidia, ila inachujua taulo na foronya. Vipele vigumu kisogoni vinavyogeuka kuwa kovu lililovimba ni habari tofauti: acha kunyoa kwa wembe au mashine ya kugusa ngozi, na wahi hospitali kabla havijaungana.

Kisha kuna muwasho usioonekana. Ngozi ni safi, haina gamba wala kipele, lakini kuna kutembeatembea kama sisimizi, kuchoma, au eneo lenye ganzi ambalo likikunwa halitulii. Hizi ni neva ndogo zilizokatwa na sasa zinaota upya. Hupungua zenyewe kadiri miezi inavyokwenda, mara nyingi ndani ya mwaka. Kitambaa baridi kinatuliza. Vidonge vya mzio haviusaidii sana kwa sababu histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho wa mzio, siyo inayouleta. Piriton itakulaza usingizi na utadhani umepona mpaka asubuhi. Ukikunyima usingizi wiki nyingi, daktari ana dawa za neva anazoweza kukupa. Shampuu hapa, sifuri.

Wa mwisho ni nadra lakini ndio unaotufanya tusipende mtu atumie chupa tatu mfululizo bila kuonwa. Kuna ugonjwa uitwao lichen planopilaris, ambao kinga ya mwili inashambulia vinyweleo na kuacha kovu badala ya tundu. Umeripotiwa kujitokeza baada ya upandikizaji, kwa watu waliokuwa nao kimyakimya au ambao ulianza baadaye. Unawasha, unachoma, na ukitazama kwa karibu kuna gamba dogo limezunguka shina la kila unywele kama kola. Nywele zilizokwisha kuota zinaanza kutoka tena, na mahali zilipokuwa panang'aa bila tundu. Nyusi zinaweza kupungua pia. Daktari wa ngozi atachukua kipande cha ngozi, kwa kawaida cha milimita 4, kikapimwe. Kinyweleo kilichogeuka kovu hakirudi, kwa hiyo miezi mitatu ya kujaribu shampuu ni miezi mitatu ya kupoteza nywele ulizozinunua.

Jirani zake kwenye rafu

Seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5, kama Selsun, inakaribiana na ketokonazoli kwa nguvu. Inakaa dakika 2 hadi 3 tu, lakini ina harufu, inachafua pete na mkufu, na inabadilisha mvi. Tunaiweka ya pili. Zinki pirithioni ya asilimia 1 ni nyepesi, nzuri kwa mba mdogo na kwa siku za katikati. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vipodozi kuanzia Machi 2022, kwa hiyo Head & Shoulders ya kutoka Ulaya siku hizi ina piroktoni olamini, si kiambato kile cha zamani. Asidi salisiliki inafaa gamba likiwa nene, itumike kabla ya ketokonazoli. Shampuu ya lami ya makaa ni ya psoriasi zaidi, ugonjwa wa ngozi wa magamba manene. Inanuka, inafanya ngozi iungue upesi juani, na inaweza kuziba vinyweleo, jambo ambalo mwenye vipele vya mwezi wa nne halihitaji. Juisi ya kitunguu ni muwasho juu ya muwasho.

Losheni za steroidi, betamethasoni na klobetasoli, zinastahili onyo refu kidogo. Zinatuliza ndani ya siku mbili tatu, na hapo ndipo mtego ulipo: zinatuliza karibu kila muwasho, basi mtu anadhani amepata dawa ya ugonjwa wake. Zikitumiwa miezi bila usimamizi zinaikondesha ngozi, zinaleta chunusi, na zinawapa fangasi nafasi. Mbaya zaidi ni zile krimu za mchanganyiko, steroidi na dawa ya fangasi na antibiotiki ndani ya mrija mmoja, zinazouzwa bila cheti cha daktari. Kwa mba mkali daktari anaweza kukupa losheni ya steroidi kwa wiki mbili hadi nne sambamba na ketokonazoli. Kama tayari umekuwa ukiitumia kwa muda mrefu, usiikate ghafla unapoanza shampuu. Ipunguze taratibu kwa wiki mbili hadi tatu, la sivyo muwasho utarudi kwa kishindo na utailaumu chupa isiyo na kosa.

Ukiwa dukani

Soma asilimia: 2, siyo 1. Chupa nyingine zina neno "mba" kwa herufi kubwa na ketokonazoli ya asilimia 1 kwa herufi ndogo, kwa bei ileile. Krimu ya ketokonazoli ni ya uso na ndevu, kichwani itakwama kwenye nywele. Angalia kifuniko kama hakijafunguliwa, tarehe ya mwisho, na namba ya toleo kwenye boksi na chupa zilingane. Nunua famasi iliyosajiliwa. Kwa Tanzania dawa husajiliwa na TMDA, kwa Kenya na Bodi ya Famasi na Sumu. Ukienda kwa kinyozi, mwambie asafishe mashine yake kabla, kwa sababu mapunye ya kwenye mashine chafu hayaponi kwa shampuu, yanataka vidonge vya fangasi vya wiki kadhaa.

Ukishafungua, iweke mbali na jua la dirishani, na andika tarehe ya osho la kwanza kwenye boksi. Ukienda kwa daktari wa ngozi baada ya wiki nne, nenda na boksi hilo, pamoja na chupa ya minoksidili na kila kitu kingine unachopaka kichwani.